Geti Ndani, Zege Nje: Kisa cha Njia ya Gari Iliyopigwa X

Nimezoea kuona X ukutani. Hii ilikuwa chini, sakafuni. Mtu wa barabara aliinama mbele ya geti jipya akaichora kwa rangi nyekundu juu ya zege ambalo halijatimiza hata miezi miwili, na siku nilipoitwa kuitazama, matairi ya gari la nyumbani yalikuwa yameshaanza kuifuta mkono mmoja. Mdogo wake mwenye nyumba, ndiye aliyesimamia kazi, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Injinia," akaniambia, "hivi na sakafu nayo inabomolewa?"

Niseme mapema kwamba mimi si injinia. Nachora ramani za nyumba na kufuatilia vibali vyake, lakini mtaani ukionekana na karatasi kubwa iliyoviringishwa kwapani umeshakuwa injinia, na nimechoka kukanusha. Kisa hiki nakisimulia bila jina la mtu, la mtaa wala la halmashauri. Mwenye nyumba amekubali kiandikwe kwa sharti hilo.

Mahali ni pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye mteremko, mtaa uliopimwa. Kiwanja kina mita 20 kwa 30. Nyumba ilijengwa kwa kibali halali miaka mitatu nyuma. Ramani yake sikuchora mimi, ila nimeishika mkononi na muhuri upo. Mwenye nyumba anafanya kazi Marekani, jimbo la Ohio, na amejenga kama wanavyojenga wengi walio huko: pesa inakuja kwa simu, picha inarudi kwa simu. Mama yake ndiye anayeishi humo. Mwaka jana aliamua ua mzima umwagwe zege, kwa sababu kiangazi mama anakula vumbi na masika gari linazama kwenye tope kati ya geti na barabara. Hapo hakuna wa kumlaumu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbele, uwanja wa kuegesha magari mita 9 kwa 8. Ubavuni, ujia wa mita 1.5 kwa 12. Nyuma, baraza la kukaa jioni, mita 6 kwa 5. Jumla ndani ya ukuta ni mita za mraba 120. Halafu nje ya geti, njia ya kuingilia yenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 4, inavuka mtaro na kufika ukingoni mwa barabara. Hiyo ni mita za mraba 20 nyingine. Ndani zege la sentimita 10, nje la sentimita 15 kwa vile gari linapita juu ya mtaro. Ni mita za ujazo 15, na kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni karibu mifuko 100 ya saruji. Si pesa ya kuokota.

Kabla ya kuanza, mdogo mtu alifanya jambo la busara: aliuliza. Alimpigia kaka yake, kaka akamjibu kwamba zege la chini si jengo, huko aliko hata kibali hawaulizi. Akaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenyekiti akamwandikia barua yenye muhuri kwamba anamtambua na hana pingamizi. Akamuuliza fundi, fundi akacheka. Watu watatu, na kila mmoja kwa namna yake alikuwa na sehemu ya ukweli. Sehemu ya ukweli ndiyo iliyomponza, maana mtu akidanganywa kabisa hushtuka mapema.

Zege likamwagwa mwisho wa Septemba, siku tatu mfululizo. Umwagiliaji wake nausifu: fundi aliweka mchanga juu na kumwagia maji wiki nzima asubuhi na jioni, jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza wakishalipwa. Kama fundi yule angekuwa mzembe, kisa hiki kingekuwa chepesi. Alikuwa mzuri wa zege. Maji ndiyo hakuyajua.

Vuli ikaja. Mvua ya kwanza kubwa ilipiga usiku, mapema Novemba. Asubuhi mtaro wa mbele ulikuwa umefurika upande wa juu wa njia mpya, maji yamepanda barabarani na kuchimba ukingo wa moramu, na sehemu yamerudi yakaingia kwenye geti la jirani wa juu. Jirani wa chini naye, mama mmoja mtu mzima anayefuga kuku, aliamka akakuta banda limejaa maji yaliyotoka kwenye tundu la ukuta wa wenzake. Kuku kadhaa walikufa. Majirani wawili ambao kwa miaka walikuwa hawasalimiani wakaongozana kwenda serikali ya mtaa kwa mwenyekiti yuleyule aliyetoa barua. Naye mwenyekiti, nadhani kwa kujinusuru, akawapeleka kwa watu wa barabara. Siku chache baadaye ikapigwa X, na mlangoni ikaachwa notisi ya kuondoa kilichojengwa ndani ya hifadhi ya barabara. Siku zilizotajwa zilikuwa chache.

Hapo ndipo nilipoitwa.

Nilipofika niliomba kamba na futi ya mita 30, na kazi ya kwanza ikawa kutafuta bikoni. Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya zege pembeni yenye namba, na huwezi kubishana na mtu wa barabara kama hujui mpaka wako uko wapi. Tulizikuta tatu. Ya nne, ya pembe ya mbele kushoto, haikuonekana. Tulizunguka robo saa mpaka kijana mmoja aliyekuwa msaidizi wa fundi akasema kwa sauti ya chini kwamba "lile jiwe" lilikuwa limesimama juu kidogo, wakaligonga likakaa sawa, wakalifunika. Bikoni si jiwe la mwenye kiwanja. Ni alama ya upimaji, na kuing'oa au kuiharibu ni kosa kisheria. Ilibidi baadaye atafutwe mpima mwenye leseni airudishe, na hiyo ikawa gharama ya kwanza ambayo haikuwepo kwenye daftari la mtu yeyote.

Kwa bikoni tatu na hati tuliweza kukadiria mstari wa mbele. Geti lilikuwa mahali pake, ndani ya mpaka, kwa sentimita chache. Basi kila kitu kilicho nje ya geti, zile mita 4 zote, kilikuwa si kwake. Nilimwambia mdogo mtu hivyo akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Lakini sisi ndio tunaopita hapo peke yetu."

Ndiyo, na ndiyo maana watu wengi hukwama hapo. Kipande kati ya geti na barabara tunakifagia, tunapanda maua, tunakifukuzia mbuzi wa watu, tukimaliza tunaamini ni chetu. Kwa sheria ni hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara, Na. 13 ya mwaka 2007, inataka ruhusa ya mamlaka ya barabara kabla mtu hajajenga chochote humo. Kwa barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kupimwa kutoka katikati, na zipo sehemu pana zaidi ya hapo: bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, ilihusu hifadhi ya mita 121.5 kila upande, na waliobomolewa wengine walikuwa na nyumba za miaka mingi. Mtaa wetu huu si barabara kuu. Ni barabara ya ndani, upana wake umewekwa na mchoro wa mipango miji uliopitishwa kabla viwanja havijagawiwa, na tangu 2017 barabara za namna hii ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mchoro unaonyesha mtaa wa mita 12. Nyumba zinatazamana, barabara inayopitika ni mita 4 au 5, na mita zilizobaki kila upande zimeachwa kwa ajili ya mtaro, nguzo za umeme, bomba la maji na watembea kwa miguu. Hakuna ziada hata hatua moja.

Kwa hiyo zege lile moja, lililomwagwa na fundi mmoja kwa siku tatu, lilikuwa limelala juu ya ardhi za aina mbili, na mstari kati yake ulipita chini ya geti. Hilo ndilo jambo ningetaka msomaji alione, kwa sababu swali "je, zege la uani linahitaji kibali?" haliwezi kujibiwa kabla hujajua unazungumzia upande gani wa geti.

Tuanze ndani. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini, na neno "uendelezaji" humo ni pana: halihusu kuta na paa tu, linagusa pia kazi za kihandisi juu ya ardhi na chini yake. Mwanasheria mkali anaweza kukuambia hata sakafu ya zege imo. Mimi kwa miaka niliyozunguka na mafaili sijaona mwenye nyumba yenye kibali akidaiwa kibali kingine kwa sababu ya zege la chini la uani peke yake. Nilichoona ni kwamba faili likifunguliwa kwa jambo jingine, mathalani kuongeza chumba au kujenga fremu, afisa huangalia mchoro wa kiwanja na kuuliza maji yanakwenda wapi. Kama zege limo kwenye mchoro ule wa mwanzo, na mishale ya mteremko imechorwa, maswali huisha. Kwa hiyo wateja wangu nawashauri sakafu ya ua ichorwe tangu siku ya kwanza hata kama pesa ya kuimwaga haitapatikana miaka mitano. Mstari wa penseli hauna bei. Ramani ya nyumba hii ilionyesha nyumba, ukuta na shimo la choo. Ua uliachwa mweupe.

Baraza la nyuma lilikuwa na hatari ambayo mwenye nyumba hakuitaja mpaka nilipoona vipande vinne vya nondo vimechomoza pembeni. "Hizo ni za nguzo," mdogo mtu akasema. "Kaka anataka baadaye aweke paa." Hapo hadithi inabadilika. Sakafu tupu ni sakafu. Ikishapata nguzo na paa ni sehemu ya jengo, inahesabika kwenye eneo la kiwanja lililofunikwa na umbali wake kutoka mpaka wa jirani unapimwa. Baraza lile liko mita moja na kidogo kutoka ukuta wa nyuma. Niliwaambia wazikate zile nondo au wazipake zege, na wasinunue bati hata moja kabla hatujarudi halmashauri.

Sasa maji, maana ndiyo yaliyoleta kesi. Mvua ya milimita 50 kwa siku si kioja Dar es Salaam wakati wa masika. Ikinyesha juu ya mita za mraba 120 zisizopenyeza maji, ni lita 6,000, yaani ndoo 300 za lita 20. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikinywewa na mchanga wa uani. Sasa yote yanatafuta njia, na bado sijahesabu ya bati la nyumba, ambayo yalikuwa yanamwagika juu ya zege hilohilo. Fundi aliupa uwanja wa mbele mteremko kuelekea getini, sawa. Lakini ujia wa ubavuni aliuelekeza kwenye ukuta wa jirani wa chini na kutoboa tundu la ukubwa wa tofali "maji yapumue". Yakapumua kwenye banda la kuku.

Hakuna kibali ambacho kingehalalisha lile tundu. Hata ungekuwa na mihuri mitano, kuelekeza maji ya ua wako kwa jirani ni kumfanyia kero, na angekuwa na haki ya kudai. Yule mama hakudai mahakamani. Alidai kuku, na alilipwa kuku, pamoja na mitetea miwili ya fidia ambayo mama wa mwenye nyumba aliipeleka mwenyewe kwa mikono yake, jambo lililotuliza zaidi kuliko barua yoyote niliyoandika.

Na mtaro. Mtaro wa mtaa ule umejengwa kwa mawe, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, unabeba maji ya nyumba zote za juu mlimani. Fundi alilaza ndani yake bomba moja la plastiki la inchi 6, akajaza kifusi pembeni na juu, akaweka wavu wa chuma akamwaga zege. Kwa macho lilikuwa kazi safi. Kwa hesabu, uwazi wa mtaro ni sentimita za mraba 3,600, na uwazi wa bomba la inchi 6 ni kama 177. Njia ya maji ya mtaa mzima ilibanwa ikabaki sehemu 1 ya 20. Nilipomwonyesha fundi hesabu hiyo kwenye mfuko mtupu wa saruji alikaa kimya, halafu akaniuliza kwa unyofu kabisa mbona bomba kama hilo ameweka kwenye mageti mengi na hajawahi kuitwa. Nilimjibu kwamba pengine mengine yako mwanzo wa mtaro, ambako maji bado ni machache. Sina hakika kama aliridhika.

Nilipozungumza na mwenye nyumba, saa nne usiku kwa saa zetu, alikuwa mkali. Alinitumia hata picha ya skrini. Na kwa haki yake, hakuwa amebuni. Kanuni ya mfano ya majengo ya makazi inayotumiwa na majimbo mengi ya Marekani, ile inayojulikana kwa kifupi IRC, ina orodha ya kazi zisizohitaji kibali cha ujenzi, na njia za miguu na za magari zimo. Nikamwomba asome sentensi za mwanzo za kifungu hichohicho. Zinasema kwamba kusamehewa kibali hakumpi mtu ruhusa ya kuvunja kanuni hiyo wala sheria nyingine. Kisha nikamuuliza kama mji anaoishi unamruhusu mtu kukata ukingo wa barabara na kumwaga zege mpaka kwenye lami kwa hiari yake. Akanyamaza kidogo. Akasema jirani yake huko alipotengeneza kipande cha mbele alikwenda idara ya barabara ya mji, akapewa karatasi, na kabla ya kuchimba walipiga namba 811 waje kuonyesha mabomba na nyaya zilipopita.

"Basi kaka, ni kilekile," nikamwambia. "Huko kuna msamaha wa ndani ya kiwanja, na huku kuna uvumilivu wa ndani ya kiwanja. Nje ya kiwanja ni barabara ya watu, huku na huko."

Alikuwa amesoma orodha ya kazi za ndani ya kiwanja akaitumia kwa nje, na tena ya nchi nyingine. Ninaona hili mara nyingi kwa ndugu zetu walio mbali. Wanakuja na utaratibu mzuri kuliko wetu kichwani, lakini wanachukua kipande kinachowafaa. Wasomaji wa Kenya wasicheke: huko badala ya TARURA kuna kaunti, na mijini kuna KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ila geti la Nairobi nalo lina ndani na nje.

Na ile barua ya mwenyekiti? Niliisoma mara mbili. Ilikuwa barua ya utambulisho, hakuna zaidi. Serikali ya mtaa inaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi, kwamba kiwanja kinajulikana ni chako, kwamba majirani hawana mgogoro nawe. Haiwezi kutoa kibali cha ujenzi, na hifadhi ya barabara si yake kuigawa. Lakini muhuri ni muhuri. Mtu aliyelipa nauli, akapanga foleni na kutoka na karatasi iliyogongwa muhuri wa bluu, utamwambiaje kwamba karatasi hiyo ni hatua ya kwanza na si ya mwisho? Mwenyekiti alipaswa kumwambia. Nilimuuliza, akanijibu kwamba hakuna aliyemuuliza kuhusu mtaro; alionyeshwa picha ya uwanja wa ndani tu. Nilipomrudia mdogo mtu akakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa na njia mbili. Kubishana na notisi au kuomba upya. Kubishana kungekuwa kupoteza siku, maana mpaka ulikuwa wazi. Tukaandika barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya kuomba kibali cha kivuko cha kuingilia nyumbani, tukikiri kwamba kilichopo kilijengwa bila ruhusa na kwamba tutakiondoa kwa gharama zetu. Tuliambatanisha nakala ya hati, ile barua ya utambulisho (sasa ikawa na kazi yake halali), mchoro wa kiwanja unaoonyesha mpaka, geti, mtaro na barabara, na mchoro wa mkato wa kivuko, yaani unaokionyesha kama kimekatwa ubavuni, wenye vipimo. Mchoro wa mkato ndio uliofungua mlango. Ofisi za namna hii hupokea barua nyingi za "naomba mnionee huruma". Karatasi inayoonyesha maji yatapita wapi ni chache.

Mhandisi alikuja wiki iliyofuata, kijana mpole, akapima mtaro juu na chini ya nyumba yetu na kutupa masharti. Upana na kina cha mtaro visipunguzwe hata kidogo. Pasitumike bomba, vitumike vifuniko vya zege vinavyoweza kunyanyuliwa ili mtaro usafishwe. Zege lisipande juu ya usawa wa barabara wala kuingia kwenye sehemu ya magari. Bomba la maji linalopita pale liachiwe nafasi ya kufikiwa. Na sharti la mwisho, ambalo mdogo mtu alilisoma mara tatu: barabara ikipanuliwa, kivuko kitaondolewa bila fidia. Akaniuliza kama kusaini hivyo si kujichongea. Nikamwambia ardhi hiyo haikuwa yake jana, na kesho haitakuwa yake; anachopewa ni ruhusa ya kupita.

Zege la nje likavunjwa kwa nyundo siku mbili. Karibu mifuko 20 ya saruji ikawa kifusi, ila kifusi hakikutupwa. Kilijazwa kwenye shimo la nyuma ya ukuta lililokuwa likisumbua. Mahali pake tukaweka vifuniko kumi, kila kimoja urefu sentimita 90, upana 50 na unene 15, vyenye nondo za milimita 12 upande wa chini, vimekalia kingo za mtaro sentimita 15 kila upande. Kifuniko kimoja kina uzito wa kama kilo 160. Watu wanne wenye vyuma vya kunyanyulia wanakiweza, na watoto wa mtaani hawawezi kukiiba. Hilo la pili halikuwemo kwenye masharti ya mhandisi, lakini anayeijua Dar es Salaam anajua lilihesabiwa.

Ndani, ujia wa ubavuni tuliuvunja na kuujaza kokoto, tundu la ukuta likazibwa kwa tofali mbele ya macho ya yule mama wa kuku. Maji ya bati yakafungiwa mfereji na tangi la lita 5,000, wazo la mama wa mwenye nyumba, aliyeuliza kwa nini ndoo 300 zitupwe wakati bomba linakatika kila wiki. Uwanja wa mbele ulibaki kama ulivyo, isipokuwa tulikata mistari ya kuachia, yaani mikato ya kuongoza nyufa, kila mita 3. Fundi alikuwa amemwaga zege lote kipande kimoja na nyufa mbili zilishaanza kuchora njia zake zenyewe. Zege la sentimita 10 likizidi mita tatu na nusu bila mkato litajikata lenyewe, wala halitakuuliza wapi.

Barua ya ruhusa ilitoka kabla ya Krismasi. Nimeiweka kwenye faili pamoja na kibali cha nyumba, nikamtumia mwenye nyumba picha. Jibu lake lilikuwa: "Sasa lile paa la baraza, tunaanza lini?" Sijamjibu bado. Ninangoja mpima amalize kuirudisha ile bikoni.

Masika haya mtaro haujafurika. Mdogo mtu alinitumia video, maji ya rangi ya chai yanakimbia chini ya vifuniko na mama anasikika nyuma akisema afunge geti. Lile bomba la inchi 6 fundi aliliomba akapewa, bado zima. Nililiona juzi mtaa wa tatu, limelazwa mtaroni mbele ya geti la mtu mwingine, kifusi kimeshajazwa pembeni, na mifuko ya saruji inashushwa.